Kibuyu Changu na Bia Nyeusi ya Kavira

Nitawaambia mwenyewe, kabla hamjasikia kwa mtu wa Mushaki akaongeza chumvi: ndiyo, ni mimi niliyeangusha hema juu ya wazee wa koo mbili siku ya mahari ya Neema, binti wa kaka yangu, na ndiyo, nilikuwa nimelewa, mchana kweupe, mimi mama mzima mwenye wajukuu na mwimbaji wa kwaya. Mnaotaka kucheka chekeni sasa, ili nikifika katikati mniache niseme.

Tuanze na wivu, maana niliingia pale nikiwa nimeshashiba wivu hata kabla ya chupa kufunguliwa. Kavira ni mama wa Butembo, alikuja Mushaki na duka lake na lori la mumewe, na tangu afungue ule mlango sikupata amani. Vitenge vyake havikupauka. Hata akifurahi sana alicheka kwa sauti ndogo, kama mtu asiye na haja ya kusikiwa. Watoto wa kaka yangu walimwita dada Kavira kwa utamu ambao mimi shangazi yao sijawahi kuitwa nao, na Neema, binti niliyemfundisha mimi kusuka nywele, akaenda kupendana na Kasereka, mdogo wake Kavira. Hata bwana harusi alitoka kwake!

Mimi nilibaki na kitu kimoja tu cha kujivunia, nacho ni kasiksi, pombe yetu ya ndizi. Tulikimbia vita Bihambwe tukaacha nyumba, mbuzi na shamba la migomba, tukafika Mushaki kwa kaka yangu na sufuria mbili na jina langu. Jina hilo ndilo lililonilisha. Ikiwa ni harusi, ikiwa ni matanga, watu walisema Mama Sifa aitwe apike. Sasa wiki ya mahari Neema akaninong'oneza, macho yakiwa chini, kwamba kwa Kavira zimefika chupa za bia nyeusi kutoka Ubelgiji, ile wanayopika mapadri wa huko, na kwamba labda siku ya harusi watu wanywe ile. Labda! Siku hiyo niliunguza maharage mara mbili.

Na kuna jambo jingine ambalo sikumwambia mtu (shikeni hapo, litarudi). Barabara ya Bihambwe ilikuwa imefungwa, huku askari, kule askari, na migomba yangu iko katikati yao, misimu miwili sijaikanyaga. Ndizi za kununua zilikuwa chache na mbichi. Basi nilikuwa naweka ndizi kidogo, maji mengi, na sukari. Sukari nilinunua kwa nani? Kwa Kavira, duka jingine halikuwa nayo, na kila nikienda nilimwambia ni ya chai. Chai ya kuogea, kwa wingi ule.

Siku ikafika. Katika ukoo wetu kinywaji cha mahari hakinyweki hivihivi. Aliyekileta anaonja kwanza mbele ya watu, ionekane hakina sumu, kisha shangazi wa binti anaonja kwa niaba yetu wote, na neno lake ndilo linalofungua vinywa vya wengine. Shangazi ndiye mimi. Kaka yangu alikuwa ametundika turubai letu la ukimbizi kwenye miti minne, wazee wameketi chini yake, Kavira akafungua chupa ya ile bia yake ya Ubelgiji, ikalia po, akamimina kidogo kwenye bilauri ndogo, akanywa, kisha akajaza bilauri ya pili akaniletea kwa mikono miwili akiwa amepiga magoti.

Hapo ndipo nilipofanya ule uamuzi mdogo. Ningeipokea bilauri ile mkasa huu usingekuwapo. Lakini niliiona ndogo, nikaona ananidharau, nikatoa kwenye kikapu kibuyu changu cha kasiksi, kile kikubwa.

"Mimina humu," nikasema.

"Mama Sifa, hii iko na nguvu sana," Kavira akasema polepole, akinionyesha bilauri. "Banaikunywaka mu ka-verre kadogo, kidogo kidogo."

"Weye unazani sijuake kunywa? Mimina."

Akamimina chupa nzima. Ilikuwa nyeusi kama maji yaliyooshewa sufuria, na povu lenye rangi ya maziwa ya chai, na mimi nikafurahi moyoni, nikajua nitaikataa. Nikanywa kama tunavyokunywa kasiksi, mikupuo mirefu bila kupumua. Kwanza ikaja sukari iliyoungua, kisha uchungu kidogo, kisha joto likashuka hadi magotini, na nyuma ya yote hayo, jamani, ikaja harufu ya ndizi. Ndizi mbivu, iliyofunikwa kwa majani siku tano, harufu ya nyuma ya nyumba yangu Bihambwe.

Nilikasirika. Kumbe ana kila kitu, na hiki pia ameniibia.

"Humu muko ndizi!" nikasema. "Kavira, ulitoa wapi hii kazi yangu?"

"Hamuna ndizi, mama."

"Ongeza chupa ingine, niwaonyeshe."

Kibuyu cha pili kikaenda njia ya cha kwanza. Ndizi zilikuwepo, tena zaidi. Neema, ambaye alimaliza shule, akachukua chupa akasoma karatasi yake kwa sauti: maji, shayiri, sukari, na chachu. Ndizi hakuna.

"Sukari?" Nikasimama. Niliposikia neno lile niliona nimeshinda. "Bazee, mumesikia? Mutu mwenye kutia sukari mu pombe njo mwizi. Anabadanganya batu."

Wazee wote wakatazama chini. Nilidhani wameguswa na hekima yangu. Kavira akanikaribia akanishika mkono.

"Mama Sifa, kaa kwanza," akanong'ona. "Wacha hii maneno."

Nikaona anataka kunifunga mdomo kwa kuwa nimemshika, nikanywa kibuyu cha tatu (nani alikijaza sijui, naogopa ni mimi), na mguu mmoja ukaanza kuwa mbali kuliko mwingine. Nikashika mti wa hema. Nilitaka kuendelea kumsema Kavira, lakini ile harufu ilikuwa imenipanda machoni, na kilichotoka kinywani kilikuwa kingine kabisa.

"Yangu njo haina ndizi," nikasema, na machozi yakaanza. "Yangu iko maji na sukari. Misimu mbili minawanywesha sukari. Ya huyu mama njo iko na ndizi ya kwetu, na ni nzuri, ni nzuri kupita yangu."

Nikauegemea mti vizuri, na mti ukakubali kwenda nami. Turubai lote likashuka. Miaka ile ya vita kitu kikianguka ghafla ulilala kwanza ukauliza baadaye, kwa hiyo wazee wa koo mbili wakalala kifudifudi kwenye udongo na suti zao, majirani wakalala uani kwao, na mbuzi wa mahari wakakata kamba wakaelekea barabarani. Mimi nilikuwa chini ya turubai, kichwa changu kwenye kitenge kipya cha Kavira, nikilia.

"Ulijua?" nikamuuliza humo gizani.

"Sukari yote ile, mama? Chai gani?" Akacheka ile sauti yake ndogo. "Nilijua. Sikuambia mutu."

Mjue kwamba hilo ndilo lililoniuma kuliko yote. Alikuwa na jina langu mikononi misimu miwili, angelivunja siku yoyote anayotaka, akanipimia sukari akanyamaza. Hata wema wake nikauonea wivu.

Mbuzi walipatikana, mahari yakapokelewa. Kaka yangu hakunisemesha siku tatu, na ya nne akaja kuniuliza kasiksi ya harusi nitaanza kuipika lini. Nikasema ameshasikia ina nini. Akasema alijua tangu chungu cha kwanza, na wazee nao walijua, nani asiyejua ladha ya ndizi ya Bihambwe, lakini wangemwita nani mwingine?

Tangu siku ile nikiletewa kinywaji cha mtu mwingine napokea bilauri yoyote anayonipa, nanywa kidogo, nashukuru, nakaa chini mbali na miti ya hema. Na nikienda kwa Kavira kununua sukari, sisemi tena ni ya chai.