Tanzia ya baba ilipotaja kambi ya kaka yangu

Wakuu, hamjambo? Mimi humu ni wa kusoma tu, siandiki. Ila hili la kwetu lanikosesha usingizi, na sitii chumvi hata punje.

Kaka yangu ni mwanajeshi, kitengo cha mawasiliano. Kambi gani sisemi, mtaelewa mbele.

Mwaka huu serikali ikaanza kukagua usalama wa vitengo hivyo. Simu za askari zikakusanywa, likizo zikafutwa. Kaka akapotea kabisa.

Katikati ya hayo, baba akafariki, nyumbani Dabaso.

Kwetu mchanga wa kwanza kaburini hutupwa na kifungua mimba. Sasa kifungua mimba mwenyewe hapatikani! Nikaenda mpaka getini kambini. Mlinzi akaniambia, "Dada, hatupokei ujumbe wa mtu yeyote mpaka ukaguzi uishe." Jamani, nililia pale pale.

Baba mdogo, ambaye kwa kujisifia watoto wa nduguye hajambo, akapeleka tanzia redioni. Mwazijua tanzia za huku, kila mtoto na kazi yake. Basi akamtaja kaka, cheo, kambi, mpaka mtambo anaousimamia! Nilikuwa namenya vitunguu, kisu kikaniponyoka.

Kesho yake wakaja wanaume wawili, nguo za kiraia. Nani katoa habari hizi redioni?

"Mimi!" baba mdogo akajibu, kifua mbele. Nilitamani nimzibe mdomo.

Wakamhoji hadi jasho likamtoka, wakaondoka bila kutuambia lolote kuhusu kaka. Mama hakula. Mimi nikawa kiguu na njia, nyumbani na barabarani, nikisikia gari tu naruka.

Siku ya mazishi, mchungaji kashaanza kutazama saa, gari la jeshi likaingia. Kaka akashuka na maafande wawili. Akatupa mchanga, machozi yanamtiririka.

Kumbe aliisikia tanzia kwenye redio ya jikoni kambini. Jina la baba wanalo wengi huku; alipotajwa yeye, cheo na mtambo, ndipo akajua. Bila hiyo, baba angezikwa yeye hajui. Na kwa hiyo hiyo, ametolewa kitengoni, angoja kuhojiwa.

Kabla ya kupanda gari, alimshika baba mdogo mkono.

"Ahsante, baba. Lakini usirudie tena."

Kazi yake mpaka leo hatujui itaponea wapi.

Nilichojifunza: kwenye tanzia, "mtumishi wa serikali" yatosha. Lakini wakuu, semeni kweli, kwa tanzia ya namna hiyo kaka angejua kuwa ni babake? Mngekuwa nyinyi mngefanyaje? Nijibuni, nimechoka kuwaza peke yangu.