Mtutu wa Shemeji Elirehema

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu Neema, nilikuwa nimesimama kwenye karakana ya fundi bunduki pale mtaani Levolosi, mitutu miwili mipya imelazwa mezani mbele yangu. Nilikuwa na shemeji yangu Elirehema, aliyemwoa dada yangu mkubwa. Bunduki zetu za kuwindia zilikuwa zimechakaa mitutu, na vibali vya kuibadilisha tulikuwa tumeshapata. Kama wewe leo, tulitaka bunduki ya kupiga mbali.

Mtutu mmoja ulikuwa mrefu na mnene, mwingine mfupi kidogo na mwembamba. Fundi hakutuficha kitu. Mnene hauchemki upesi, kwa hiyo hata ukipiga mfululizo risasi zinakwenda palepale. Mwembamba ukipata moto, risasi zinaanza kutawanyika. Sisi sote wawili tukaunyooshea kidole ule mnene, na fundi akasema anaweza kuagiza wa pili.

Mzee Loishiye ndiye aliyetufundisha kuwinda, naye alikuwa ameketi hapo mlangoni. Alikuwa mfugaji, Mwaarusha wa upande wa magharibi wa mlima ule ulio juu ya mji wetu, na alikuwa ameongoza wawindaji tangu ujana wake.

"Mmeuliza inapiga mbali kiasi gani," alisema. "Hakuna aliyeuliza itabebwa vipi."

"Tutaibeba sisi, baba," Elirehema akamjibu.

"Hapa mezani ni nyepesi. Ngojeni muibebe juani tangu asubuhi, halafu mniambie."

Nilichukua mwembamba. Sitakudanganya kwamba nilikuwa nimeelewa. Nilimwogopa tu mzee. Elirehema alichukua mnene, na tulipokwenda kupima shabaha, yeye ameketi na bunduki imelazwa juu ya mfuko wa mchanga, alinishinda vibaya. Alinitania njia nzima ya kurudi. Niliumia, na kimoyomoyo nilimlaumu mzee.

Msimu ulipofunguliwa tukaenda porini, mzee akituongoza, leseni mkononi. Tulitembea tangu alfajiri. Mchana tulimwona pofu dume, yule swala mkubwa kama ng'ombe, mbali, ng'ambo ya uwanda. Mzee akasema tusogee. Elirehema akasema mtutu wake ulitengenezwa kwa umbali huohuo. Nilimwangalia akiketi chini kulenga: mabega yalikuwa yanamtetemeka kwa uchovu, na mdomo wa bunduki haukutulia. Akapiga. Risasi ilimpata pofu tumboni, naye akakimbilia vichakani.

"Umemjeruhi," mzee alisema. "Hatumwachi ateseke. Twende."

Tulifuata damu mpaka ndani ya vichaka vya migunga yenye miiba. Pofu alikuwa amelala, akainuka karibu yetu kabisa. Elirehema alijaribu kuinua bunduki, lakini ule mtutu mrefu ukanasa kwenye matawi. Yule mnyama alimkumba akipita, akamvunja paja. Bunduki yangu iliinuka bila shida. Nikapiga, pofu akaanguka.

Hakuna aliyefurahia nyama siku ile. Mzee alivua shuka yake akamfunga Elirehema mguu kwa vijiti, tukamlaza kwenye machela ya miti tuliyokata, tukambeba mpaka kwenye gari tuliloliacha barabarani alfajiri.

"Laiti ningekusikiliza, baba," Elirehema alisema, jasho linamtiririka.

"Sasa usiongee. Shika mkono wangu."

Shemeji alipona, ila anachechemea mpaka leo. Anakaa Makumira, na mtutu wake bado anao. Huutumia kwenye shabaha, ameketi, na bado ananishinda. Haukuwa mtutu mbaya. Ulikuwa wa kazi nyingine.

Basi, mwanangu, nasaha yangu ni hii. Kabla ya kuchagua mtutu, fikiria ardhi utakayotembea. Kama utatembea kutwa, chukua wa uzito wa kati, na usitamani urefu utakaokunasa vichakani. Hakikisha mifereji ya ndani ya mtutu, ile inayoizungusha risasi, inaendana na uzito wa risasi unazoweza kuzipata hapa mjini, maana mtutu mzuri usio na risasi zake ni bomba tu. Ukiupima, usipige mfululizo. Piga moja, uuache upoe kabisa, ndipo upige nyingine, kwa sababu porini mnyama hupigwa na mtutu wa baridi, kwa risasi ya kwanza. Pima pia ukiwa umechoka, pumzi zinakwenda juu, bila mfuko wa mchanga. Umbali ambao hapo hukosei, huo ndio umbali wako, hata kama bunduki inaweza zaidi. Mnyama akiwa nje ya huo, sogea. Usipoweza kusogea, mwache aende zake.

Na ukikosea ukajeruhi, fuata mpaka mwisho.

Nenda, binti yangu. Mungu akutulize mkono, akupe moyo wa kuacha pale inapobidi kuacha, na kila uendako akurudishe kwetu ukiwa mzima, wewe na wote utakaotembea nao.