Kisanduku cha Mwanga na Damu Yangu

Mimi ni mpimaji wa damu katika kituo kidogo cha afya hapa Butembo, na kazini wanajua kwamba sipendi kusahihishwa. Niliporudi kutoka Beni, nilikotumwa siku nne kujifunza kutumia kisanduku kipya, nilimkataza kila mtu kukigusa.

Kilikuwa kidogo kama redio ya mkononi, na kilitumia betri, jambo jema katika mji ambao umeme wake ni wa kubahatisha. Kazi yake ni kutafuta ile kasoro ya DNA inayoleta selimundu, ugonjwa ambao sisi huuita drépano. Unadondosha damu iliyochanganywa na dawa kwenye kibao cha plastiki chenye vidoa viwili. Kidoa cha kwanza hushika DNA isiyo na kasoro, cha pili hushika yenye kasoro, na kilichoshika hung'aa kijani kisanduku kikikimulika. Kikiwaka cha kwanza peke yake, mtu ni mzima. Vikiwaka vyote viwili, haumwi, lakini anaweza kumrithisha mtoto. Kikiwaka cha pili peke yake, ni mgonjwa.

Mashine mpya lazima ijaribiwe kwanza kwa damu ya mtu asiye na kasoro hiyo, tunayoiita témoin. Kwetu hatuagizi damu hiyo. Mfanyakazi hujichoma kidole, na kwa miaka mingi kidole hicho kilikuwa changu. Drépano nilipimwa mara moja tu, nikiwa mwanafunzi, kwa darubini na dawa iliyokuwa imekaa mno kabatini. Waliniambia niko mzima, nikaridhika.

Sasa vikawaka vyote viwili.

Nikalaumu vumbi la barabara ya Beni. Nikarudia, vikawaka tena, nikawalaumu walionifundisha. Mara ya tatu muuguzi mkuu, mama aliyenizidi umri, akasema taratibu kutoka mlangoni, "Maman, acha kuharibu bile bibao. Mashine haina shida. Iko nasema tu ile iko mu damu yako."

Nilitaka kumjibu vibaya. Ndipo nikamkumbuka binti yangu wa miaka kumi na miwili.

Nyumbani kwetu Vulamba asubuhi zina baridi kali. Kila nilipomtuma maji alisema mikono na magoti yanamuuma. Macho yake yalikuwa na umanjano. Nilimpima malaria, mara nyingine nikaikuta, nikamtibu na kuona nimemaliza. Maumivu yenyewe niliyaita uvivu. "Weye, magonjwa yako inajua saa ya kazi," nilimwambia mbele ya wadogo zake, nao wakacheka. Nilikuwa nimewapima drépano watoto wa watu wote, isipokuwa wangu.

Siku hiyo alipotoka shule nilimleta kituoni, nikamchoma kidole. Tulisubiri nusu saa, yeye akila ndizi, mimi nikisali kimoyomoyo. Kikawaka kidoa cha pili peke yake. Baba yake alikuwa Kasindi akingoja mizigo yake itoke forodhani, lakini nilijua jibu lake kabla hajarudi, kwa kuwa ugonjwa huu lazima utoke kwa wazazi wote wawili.

Nilimweleza polepole. Chembe za damu yake hupinda na kuziba njia, ndipo viungo vinauma, na baridi huzidisha. Dawa atakunywa kila siku, maji anywe mengi, na kisimani asubuhi hataenda tena. Nilidhani atalia. Alikitazama kile kidoa, kisha akaniuliza:

"Donc sikukuwa nadanganya, maman?"

"Hapana, mama," nikamjibu. "Haukudanganya hata siku moja."

Akatabasamu. Nilikuwa nimempa habari ya ugonjwa wa maisha yake yote, naye akafurahi kwa sababu mama yake amemwamini.