Siku Sinki Lilipoondoka na Ukuta

Aibu niliyoipata mimi mtaani kwetu Nguvumali, mchana kweupe, mbele ya wakwe, naijua mwenyewe na sitaki mtu anisimulie, maana kila anayeisimulia huitia chumvi na kusema nililia mahali ambapo sikulia. Nitaisema kama ilivyokuwa. Mkicheka chekeni tu, lakini sinki silijutii.

Ilikuwa miaka ya hamsini, kabla ya uhuru. Mume wangu alikuwa ametangulia mbele ya haki, nami nilikuwa nikipika vitumbua na kuwauzia watu wa bandarini, na kwa vitumbua hivyo nikasema natengeneza nyumba, nikasakafia jiko, nikapaka chokaa mpya, nikatia nia kwamba kabla wakwe hawajaja kumposa binti yangu Zuhura, ukumbini patakuwa na sinki la kunawia. (Maji ya bomba ndani hatukuwa nayo, tulichota mtaani, lakini pipa dogo likitiwa koki na kuwekwa juu, maji si yatashuka?)

Nikaenda mjini, duka la vifaa vya ujenzi. Yalikuwapo masinki mawili, moja dogo la bati lililopakwa rangi nyeupe, jepesi, unalibeba kwa mkono mmoja, na jingine kubwa la kauri, zito, linang'aa, lina ukingo mpana wa kuwekea sabuni. Na mimi, wallahi, macho yangu yalikuwa kwa lile dogo. Sasa yule muuzaji akalisukuma mbele yangu akasema, "Chukua hili, mama, hili ndilo la nyumba zenu za huko." Zenu za huko! Angenyamaza tu, leo nisingekuwa na la kuwasimulia. Nikamwambia nipe lile kubwa, na likaja Nguvumali juu ya mkokoteni, mtaa mzima umetoka kulitazama.

Fundi wangu, Mbondei mmoja mpole aitwaye Semhando, akaugongagonga ukuta. Nyumba yangu ilikuwa ya miti na udongo kama za majirani wote, chokaa ndiyo iliyoifanya ionekane ya mawe. Akasema sinki hili linataka nguzo ya matofali chini yake, na nguzo iachwe ikauke. Nikamwambia wageni wanakuja Ijumaa, wewe funga. Akafunga, akakusanya vyombo vyake, akaniambia, "Haya, Bi Mkubwa, ila asiliegemee mtu." Nikamjibu nani huyo aende kwa watu akaegemee sinki.

Dada yangu mkubwa, Mwanaidi, yeye hakuogopa ukuta, aliogopa desturi. Kwetu mgeni ananawishwa pale pale mkekani alipokaa, anakuja binti na birika na bakuli, anapiga magoti, anawamiminia maji mmoja mmoja mpaka wa mwisho.

"Utawasimamisha wazee wa watu wakanawe ukutani kama vibarua wa mkonge?" akaniuliza.

"Miguu wanayo," nikamjibu.

"Watakuona una kiburi, wataondoka, na mtoto atakaa."

Hapo alinigusa, sitaki kuficha, maana Zuhura alimtaka yule kijana wa Kigombe, karani wa reli, alimtaka mpaka chakula kilikuwa hakimpiti vizuri. Lakini nilikuwa nimekwisha sema, nami nikisema nimesema.

Wakaja baada ya swala ya Ijumaa, wazee watatu, na mkubwa wao ni ami yake kijana, Mzee Omari, mtu wa mwili, goti moja linamsumbua. Kaka yangu akawapokea, posa ikaletwa, maneno yakaenda vizuri, mahari ikaachwa hadi baada ya chakula. Pilau ikaingia. Mwanaidi akasogea na birika lake, nikamnyang'anya, nikasema, "Wazee wangu, karibuni mnawe, maji yako pale ukumbini." Wakatazamana. Kaka yangu akainamisha kichwa. Basi akainuka wa kwanza akanawa, akainuka wa pili akanawa, hata akasema maji yana raha, nikamtazama dada yangu kwa jicho ambalo mpaka leo hajanisamehe. Kisha akaja Mzee Omari, goti likamkaza, akafanya ambalo yeyote angefanya, akaweka viganja viwili kwenye ukingo ule mpana na kujiegemeza.

Ukuta uliguna tu. Halafu sinki, pipa, maji, udongo na Mzee Omari, vyote vikaingia chumba cha pili. Na chumba cha pili ndimo walimokuwa wanawake wa mtaa wametega masikio (mnajua posa inavyosikilizwa), pamoja na Zuhura, ambaye wakwe hawakutakiwa kumwona siku ile, amekaa juu ya kigoda, nusu ya kichwa imesukwa, nusu imesimama, liwa ya urembo imempakaa usoni, muhogo mdomoni. Majirani wakatimua mbio kupitia uani. Zuhura akabaki, akaumeza muhogo wake, akasema, "Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akajibu Mzee Omari, amekaa topeni, kofia haijulikani iliko. Zuhura akampa mkono, akamwinua.

Pilau haikuliwa. Wageni wakaondoka na mahari haikutajwa. Mtaa ukacheka wiki nzima, na kicheko kile hakikuniuma, kilichoniuma ni Zuhura, hakunilaumu hata neno, alijifunika kanga akalia. Mwanaidi akaniambia nenda Kigombe ukaombe radhi, useme sinki lilikuwa ujinga. Nikapanda basi nikaenda.

"Nimekuja kuomba radhi kwa ajili ya ukuta," nikamwambia Mzee Omari, nimekaa mbele yake barazani kwake. "Ukuta ni kosa langu."

"Na sinki?"

"La sinki sina radhi. Nimewapigia wanaume magoti na birika tangu sijaota meno ya pili, wajomba, waume, wageni wa wageni, na pilau ikinifikia mimi imebaki ukoko. Siku ya posa ya mwanangu nilitaka watu wanawe wenyewe, na mwanangu akae kitako."

Akageuza uso, akatazama njiani. Nikajua nimeharibu, nikaanza kukusanya buibui langu niondoke, nikiwaza nitamwambia nini mtoto.

"Wenzangu walikimbilia nje kuita watu," akasema, anajipapasa goti. "Yule binti peke yake ndiye aliyenishika mkono, hata kichwa hakujifunika kwanza. Kilichovunjika ni ukuta, bibi. Posa iko pale pale. Tutakuja Ijumaa."

Naapa sitatundika tena sinki kwenye ukuta wa udongo. Ukuta ule niliujenga upya kwa mawe, ukuta mmoja tu, nyumba yote nyingine ikabaki ya udongo, na watu wakacheka tena. Wacheke. Sinki lilimeguka ukingo mmoja, lakini limo hadi leo, na anayekuja kula kwangu, awe mkwe, awe sharifu, huinuka akanawa mwenyewe.