Safari Isiyo na Msiba

Miaka ya Mtama haihesabiwi kwa kalenda ya ukutani. Huhesabiwa kwa mikorosho: inapochanua, inapopulizwa dawa, inapodondosha, na inapopumzika ikiingoja mvua. Kwa hesabu hiyo Bi Mboni binti Twalib alizaliwa, akaolewa, akazaa, akalea, akawazika wazazi wake wote wawili na akawaona wajukuu wakiota meno, wala haukupita msimu hata mmoja mikono yake isinuke mabibo. Ujana ulimtoka taratibu, kama jamvi linavyopauka juani: mwenye jamvi hatambui, mpaka siku anapoligeuza akaiona rangi lililokuwa nayo zamani.

Katika umri huo alisafiri, tena si haba. Alifika Lindi, Masasi na Nachingwea, na Rasbura kwa wakweze alikwenda mara nyingi. Lakini kila safari ilikuwa na sababu yake, na sababu za watu wa kwao ni tatu: harusi, ugonjwa na msiba. Kadiri miaka ilivyosonga harusi zilipungua na misiba ikazidi, hata ikawa hapati haja ya kuutoa vitu mkoba wake wa safari. Doti ya kanga za msibani ilikaa humo mwaka mzima, imekunjwa, ikingoja jina la mtu.

Alikuwa na rafiki, Umi, mwenyeji wa kisiwa cha Songosongo. Umi aliletwa Mtama akiwa bibi harusi, na mume aliyekuwa akinunua korosho. Nyumba zao zilitazamana. Walikopeshana chumvi, walinyonyesheana watoto, waligombana kwa ajili ya kuku na kupatana kabla kuku hajarudi bandani. Biashara ilipomshinda mumewe, Umi alirudi naye kisiwani, na tangu hapo wanawake wale walikutana mara mbili tu: Rasbura, alipofariki dada yake Umi, na Mtama, alipofariki mama yake Mboni. Mara zote mbili walikumbatiana, wakalia, wakapika sufuria kubwa za wali wa matanga, wakaagana. Hawakupata hata saa moja ya kukaa wakacheka.

Jambo hilo lilimkaa Bi Mboni moyoni kama mwiba wa mdimu. Basi msimu mmoja, korosho zilipokwisha kupelekwa ghalani, alimwendea mumewe, Mzee Huseni, akiwa barazani ananoa panga lisilohitaji kunolewa.

"Baba Saida, nataka kwenda Songosongo."

"Kafa nani?"

"Hajafa mtu."

"Anaumwa nani, basi?"

"Haumwi mtu. Nataka kwenda kumtazama Umi."

Mzee Huseni aliliweka panga chini. Alikuwa mtu mwema, mwenye kuhifadhi swala zake, ila alikuwa mzito wa kuondoka kama kinu. Akaanza kumweleza mkewe njia ile ilivyo. Kuna basi la alfajiri hadi Nangurukuru. Kuna gari jingine la kuteremka Kivinje. Kuna kulala kwa watu msiowajua. Kisha kuna bahari, ambayo yeye Huseni aliiona Lindi na kuridhika nayo akiwa amesimama nchi kavu. Na baada ya dhiki yote hiyo, mtu anapata nini? Anapata kisiwa, nacho ni mchanga uliozungukwa na maji, ilhali mchanga wanao uani na maji wanayo kisimani. Alisema kwamba kupumzika mtu hupumzika kwake. Anayekwenda kupumzika mbali hurudi akihitaji kupumzika upya.

Bi Mboni alimwacha amalize. Hakuna alichokikanusha, kwa kuwa yote yalikuwa kweli.

"Kuzikana tutazikana, Baba Saida, hilo halina shaka," akasema. "Mimi nataka kabla ya hapo tuonane."

Mzee Huseni aliswali Isha siku hiyo akachelewa kunyanyuka kwenye mswala. Asubuhi akatangaza kwamba atamsindikiza, asije akaulizwa na watu mkewe kamezwa na samaki gani.

Walibeba korosho zilizobanguliwa, unga wa muhogo na jogoo mwekundu aliyefungwa miguu. Kanga za msibani Bi Mboni alizitoa mkobani akaziacha kitandani. Alizitazama mara mbili mlangoni, kama mtu anayetoka nyumbani bila kufunga mlango.

Tabu zote alizozitabiri Mzee Huseni ziliwafika, na moja ambayo hakuitabiri. Bi Mboni alikuwa mtu mzima wa makamo yale, amejifunika vizuri, yuko safarini na mumewe katikati ya juma. Basi hapakuwa na aliyeweza kudhani jingine ila kwamba amefiwa. Kondakta alimwinua kijana kwenye kiti cha mbele, akasema mama apishwe, ana msiba. Abiria wakampa pole. Bi Mboni aliogopa kupokea pole isiyo yake, akaeleza kwamba hakuna msiba, wanakwenda kutembea tu. Watu wakatazamana kwa huruma. Bibi mmoja wa Mchinga akamshika mkono, akamnong'oneza kwamba ajikaze, wengi huanza hivyo hivyo, msiba ukiwa mzito akili huukataa kwanza.

"Chukua tu kiti, Mama Saida," Mzee Huseni akamwambia taratibu. "Ukiendelea kukana watatushusha hospitali."

Walifika Kivinje alasiri, wakapata chumba katika nyumba ya wageni nyuma ya moja ya majengo ya kale ya Wajerumani. Kibwana, nahodha wa boti ya mashine, akawaahidi kwamba watavuka kesho. Bi Mboni alikuwa hajampa Umi habari, kwani aliona safari ya kisiwani si ya kutangazwa kabla mtu hajauona mkia wa boti. Sasa boti ilikuwa imeonekana. Akamwomba mumewe apige simu, naye akaingia ndani kuswali.

Mzee Huseni hakuwa mtu wa maneno mengi simuni. Mtandao wenyewe ulikuwa ukikatika na chaji imebaki kidogo. Akasimama penye upepo, akasema kwa sauti nzito aliyoihifadhi kwa mambo rasmi, "Bi Umi, ni mimi Huseni, mume wa Mboni. Niko Kivinje. Kesho inshallah nakuja huko. Mengine tutazungumza tukionana." Simu ikazimika. Akaitia mfukoni, akijisifu kwamba amesema yote kwa pumzi moja.

Kila mtu wa pwani ile, na wa bara yake, anajua maneno hayo ni ya habari gani. Kifo hakisemwi simuni. Husemwa, "Njoo," au husemwa, "Nakuja," na mengine huachiwa macho. Mzee Huseni mwenyewe alikwisha kuyapokea maneno yale mara nyingi, na kila mara alijiinamia. Lakini aliyefurahi husahau, na yeye, ingawa asingekiri, alikuwa ameanza kufurahi.

Bahari ya kesho yake haikuwa mbaya kwa waliozaliwa nayo. Bi Mboni aliinama kwenye ubavu wa boti akairudishia bahari chai yote ya Kivinje. Mzee Huseni aliushika ukingo kwa mikono miwili, akisoma kila dua aliyopata kuijua, hata ya kuingia sokoni. Kibwana alimpa Bi Mboni ndimu anuse, akamwambia asione haya. Akaongeza kwamba hata jogoo wake bahari imemnyamazisha, na jogoo hana adabu ya kunyamazia watu. Bi Mboni akacheka, na kucheka kukamsaidia kuliko ndimu.

Walipokaribia, maji yalikuwa yamekupwa. Boti ilitia nanga mbali, ikabidi abiria washuke watembee ndani ya maji hadi pwani. Mzee Huseni alibaki nyuma kupakua mizigo. Bi Mboni alitangulia amepandisha kanga, maji ya vuguvugu yakimchezea magotini, samaki wadogo wakimpitia miguuni kama vipande vya kioo. Hajapata kuona maji ya rangi ile. Alisimama katikati ya bahari, mwanamke wa Mtama, akajikuta anatabasamu peke yake.

Kisha akaona watu. Wanaume wamevaa kofia wamekaa kimya kwenye majamvi, mbele ya nyumba iliyo karibu na minazi. Wanawake wamejifunika kanga hadi kwenye nyusi. Moshi wa sufuria kubwa ulikuwa ukipanda uani. Macho ya Bi Mboni yalikuwa yameyazoea mambo hayo, hayakuhitaji kuambiwa. Akajua huo ni msiba, akamwuliza mpita njia ile ni nyumba ya nani, akajibiwa, ya Bi Umi.

Umi amekufa, na yeye amechelewa kwa siku moja, na kanga za msibani ameziacha kitandani. Alikwenda hivyo hivyo, akiburuta kanga yake iliyolowa, hadi ulipo mlango wa uani, akamshika mkono mwanamke wa kwanza aliyemkuta.

"Innaa lillaahi. Amefariki lini, mwanangu?"

"Jana tumepata habari, mama. Rafiki yake Bi Umi, wa bara huko, Mtama. Mumewe anakuja na boti ya leo kutueleza vizuri."

"Huyo rafiki anaitwa nani?"

"Mboni. Ulimjua?"

"Kwa mbali," akajibu Bi Mboni.

Ilimpasa aseme pale pale, naye alikwisha kufungua kinywa. Lakini kutoka ndani ya chumba ilisikika sauti ya Umi, imekauka kwa kulia, inawasimulia wanawake. Alikuwa akieleza usiku ule wa masika mtoto wake alipokamatwa na degedege, mumewe hayupo. Mboni, mja mzito, alimchukua mtoto yule mgongoni akaenda naye zahanati katika matope, akianguka na kuinuka, kila akianguka akimwambia Umi, "Mimi ndiye niliyeanguka, mtoto hajaanguka." Alisema mtoto yule leo ana watoto wake. Alisema hakupata kumshukuru Mboni, kwa sababu walipokuwa majirani aliona shukrani itawafanya wageni, na walipokuwa mbali kila walipoonana palikuwa na maiti, naye hakuona adabu kumkata maiti maneno.

Bi Mboni alikuwa amelisahau tope lile. Alisimama nyuma ya pazia, mtu aliyeingia matangani mwake mwenyewe, machozi yakimtiririka, na akasikiliza kupita kiasi kinachoruhusiwa na adabu. Umi alipofika kwenye habari ya kuku na kuanza kumsamehe marehemu, hakuweza tena.

"Kuku alikuwa wangu, Umi. Hilo usinisamehe."

Pazia likafunguliwa. Umi alimtazama, akatazama maji yanayomdondoka, akamgusa shavu kwa kidole kimoja kama mtu anayejaribu pasi. Alipoona ni joto alimvamia, na wale wanawake wawili wakaanguka pamoja juu ya mkeka, wakilia na kucheka, hata waliokuwa karibu wasijue wamwinue nani.

Wakati huo huo Mzee Huseni aliwasili mbele ya nyumba, jogoo kwapani. Wanaume wakainuka wote, wakampa mkono mmoja baada ya mwingine, wakimwambia Mwenyezi Mungu amfanyie wepesi. Alipokea pole tisa au kumi hivi, akiamini ni za bahari, akijibu kwamba kweli ilikuwa nzito lakini alhamdulillahi imekwisha, na kwa kweli hakutarajia kwamba baada yake angejisikia vizuri namna hii. Wazee wa kisiwa walitazamana. Ndipo vicheko vilipotoka uani vikavunja kila kitu.

Bi Umi alitoka amefuta macho. "Shemeji Huseni," akasema, "papa wa bahari hii hula mtu mmoja mmoja. Wewe umemuua mkeo kwa simu, ukatuua na sisi."

Pilau ilikuwa imekwisha kupikwa na watu wamekwisha kukusanyika. Mwalimu wa madrasa ya pale, mzee mpole, aliona si vyema watu walioketi kwa ajili ya dua wainuke bila dua. Akasema kwamba kuzuriana kwa ajili ya Mwenyezi Mungu ni ibada iliyosahauliwa, na kwamba aghalabu tunawaombea watu wakati hawasikii tena kiitikio. Ikasomwa dua ya walio hai, Bi Mboni akiitikia "Amin" kwa jina lake mwenyewe, na jogoo akawika katikati yake.

Siku zilizofuata hazina mambo ya kusimuliwa, na huo ndio uliokuwa utamu wake. Bi Mboni alilala mchana kwa mara ya kwanza tangu avunje ungo. Alikwenda na wanawake kutafuta pweza maji yakipwa, akashikwa mkono na pweza, akapiga kelele, akala pweza huyo huyo wa nazi jioni. Upepo ulipochafuka boti ikachelewa kurudi Kivinje, wote wakamtazama Mzee Huseni, wakingoja manung'uniko. Naye akasema tu kwamba haraka ya nini, korosho ziko ghalani, na akaomba aongezewe mchuzi.

Mtama waliporudi, majirani waliwapokea kwa nyuso za majonzi, wakauliza nani. Bi Mboni akajibu kwamba ni yeye mwenyewe, akawasimulia, na hadi leo hadithi hiyo haijaisha kusimuliwa. Waliomwuliza kama kisiwa kile kilistahili dhiki yote ile aliwaambia kwamba dhiki anaikumbuka vizuri, kila hatua. Kisha akaendelea kuwasimulia habari ya maji.

Mikorosho ilipochanua tena, asubuhi moja ilisikika sauti barabarani, mbali kabla mwenyewe hajaonekana, "Hodi Mtama! Hajafa mtu!" Bi Mboni akatupa ufagio. Alikuwa ni Umi, amevaa kanga mpya ya rangi ya chungwa, ameshuka kwenye basi la Masasi baada ya tabu zile zile, na miguu imemvimba.

Ewe Mola Mwenye kuunga vilivyokatika, mpe Mboni binti Twalib umri mrefu na mwili wa kuubeba. Mhifadhi mumewe Huseni, na uubariki ulimi wake kila anaposhika simu. Wape Saida na ndugu zake na wajukuu wote nyayo nyepesi za kuwaendea wapendwa wao wakiwa hai, warehemu Twalib na mkewe waliotangulia, mtunze Umi na kizazi chake kule kisiwani, na siku ya safari isiyokuwa na msindikizaji, wakutanishe wote penye kivuli Chako. Amin.