Sauti ya Ndege Yangu Mugutha

Ndege yangu ya rimoti ilikuwa na mabawa marefu kuliko mimi, na injini yake niliitoa kwenye msumeno wa petroli uliokufa. Niliiunda mwenyewe jioni, nikitoka kazini Eneo la Viwanda Thika, ambako narekebisha mashine za kushona magunia. Jumapili baada ya kanisa niliibeba kwa pikapu hadi Mugutha, kwenye shamba la mtu aliyeniruhusu kuirusha mpaka atakapoanza kujenga.

Shamba lake halikujengwa, lakini mashamba ya jirani yalijengwa. Familia ya kwanza ilihamia nyumba ya mawe yenye veranda inayotazama pale ninaporushia. Siku moja, ndege ikiwa ndiyo imetua, mama mmoja wa makamo alivuka nyasi akanijia, leso kiunoni juu ya nguo za kanisa.

"Habari ya mchana, baba," akasema. "Ndege yako ni nzuri. Lakini mzee wangu alipata kiharusi na haongei tena. Hii kitu ikianza kunguruma, yeye analia."

Nilimwambia nitaipunguza sauti. Akanishukuru kana kwamba nimeshaipunguza.

Nikaenda Kamakis kwa fundi wa kuchomelea, akanitengenezea sailensa kubwa yenye vyumba viwili ndani, moshi uzunguke kabla ya kutoka. Mlio wa injini ukashuka, na ndipo tukasikia mwingine uliokuwa umejificha nyuma yake, kama shuka inayochanwa.

"Hiyo sasa ni propela," akasema rafiki yangu wa kazini, ambaye hunisaidia kurusha. "Inazunguka mbio sana."

Nikaweka propela ndefu zaidi, inayozunguka polepole. Halafu tukagundua kwamba mwili wenyewe wa ndege, ule wa mbao nyembamba, unavuma kama debe tupu. Nikaifunga injini juu ya vipande vya raba ili mtetemo usifike kwenye mbao. Kila nilichoongeza kilikuwa na uzito wake, na ndege ikawa mvivu wa kupanda. Mara moja injini ilipata joto mno ikazimika angani, nikaishusha kwenye mahindi ya watu na gurudumu likavunjika. Nikarekebisha, nikatoboa matundu ya kupitisha hewa, nikarudi.

Jumapili hiyo niliirusha juu, upande wa mbali. Mama akaja.

"Nilikuwa nje nachagua maharagwe," akasema. "Sikuisikia kabisa."

"Na mzee?"

Akatazama chini. "Amelia. Ameona pikapu yako ikiingia, akaanza."

Sikuwa na kitu kingine cha kupunguza. Nikamwuliza kama naweza kumsalimia. Mzee alikuwa verandani kwenye kiti cha magurudumu, blanketi magotini. Nilishika mkono wake mzima, naye akaushikilia wangu, machozi yakimtoka tu. Nikafikiri labda anataka kuiona. Rafiki yangu akaileta, injini ikiwa imezimwa, tukailaza mbele yake. Akapitisha vidole kwenye bawa, taratibu, toka ncha mpaka mwilini, na akalia zaidi.

"Anaipenda ama anaiogopa?" nikauliza.

"Mimi mwenyewe sijui," mama akasema. "Nimekaa na huyu mtu tangu tukiwa vijana, na sasa sijui."

Jumapili iliyofuata sikwenda. Jioni nikampigia mama simu. Aliniambia mzee alitaka kukaa verandani mchana wote, akitazama shamba, na amelia hata leo.

"Sasa nije ama nisije, mama?"

"Fanya tu vile utaona," akasema.

Sikuona chochote. Wiki nyingine nilienda, nyingine nilibaki nyumbani nikisafisha kabureta ambayo haikuwa na uchafu. Nilipoenda, niliirusha kidogo, halafu nikaketi na mzee kidogo, nikimweleza mambo ya raba na sailensa, yeye akitazama mdomo wangu. Kisha watoto wao wakamchukua, wakampeleka kwa dada yao Ruiru mjini, karibu na hospitali, na mama akafuata. Sikupata kujua mzee alikuwa akiniambia nini kwa machozi yake.

Ndege sasa ni ya kimya kuliko zote nilizowahi kuunda. Mwenye shamba bado hajajenga, na wenye nyumba mpya za jirani hawajalalamika.