Waliponililia Nikiwa Mzima

Mlio wa komeo likianguka kwenye saruji, bado ninausikia.

Cherehani imenikaza mgongo, basi jioni hufanya yoga ya kwenye simu: nakanda mabega kwa mpira wa tenisi, kisha nalala chali kama maiti, napumua polepole. Siku hiyo nilikuwa nimeziba masikio kwa muziki. Majirani wa ploti, tunaopanga vyumba ua mmoja, wakaita, wakachungulia dirishani, wakaniona nimelala tuli, wakavunja mlango; kishindo cha komeo kikapenya hata muziki.

Nilipofumbua macho, Mama Ayub wa chumba cha pili alikuwa ananililia.

“Mama, ni mazoezi tu!”

“Mazoezi ya kufa? Wewe msichana! Tumeulizana tumpigie nani, na hata jina lako hatulijui!”

Wakacheka, wakaenda. Miezi minane hapa Kakamega, mimi ni kutabasamu tu na kupita. Nikachukua chaki ya kushonea, nikaandika mlangoni: Nekesa.